Naomba ushauri: Roosevelt nimfundishe kwa kuanzia wapi?

Wakuu, salaam. Nafundisha historia kidato cha sita na nimekwama kwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Mwaka 1905 aliwapatanisha Warusi na Wajapani, mkataba ukasainiwa Portsmouth, Marekani, na 1906 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hapo wanafunzi wanamkubali kabisa.

Shida ni Panama. Panama ilikuwa sehemu ya Kolombia, na Agosti 1903 Seneti ya Kolombia iliukataa mkataba wa kuiruhusu Marekani kuchimba mfereji huko. Novemba 3 Panama ikajitenga, huku manowari ya Marekani, Nashville, ikiwa tayari imetia nanga Colón, bandari ya Panama. Siku tatu tu, Washington ikaitambua nchi mpya. Novemba 18 mkataba mwingine ukasainiwa, kwa dola milioni 10 na malipo ya kila mwaka. Na aliyesaini kwa niaba ya Panama ni Mfaransa, Bunau-Varilla! Hilo linaniuma kila nikilisoma. Mwaka 1921 Marekani ikakubali kuilipa Kolombia dola milioni 25.

Sasa nianze na Portsmouth au Panama? Nahofia nikitanguliza tuzo, vijana watayasamehe mengine kabla hawajayapima. Walimu mliowahi kuifundisha mada hii, mlifanyaje?