Nataka vitasa vya kadi na kamera gesti ya vyumba 12 Makambako, bajeti milioni 4. Nianze na nini?

Mbao Kavu
Wakuu, habari za leo. Nina gesti ya vyumba 12 Makambako, si mbali na njia panda ya Songea. Mimi mwenyewe naishi Dar, kazi yangu iko huku. Gesti ni ya kawaida tu: kila chumba kina choo na bafu ndani, tv na neti. Chumba 20,000 pamoja na chai ya asubuhi.

Nataka niiingize kwenye teknolojia kwa milioni 4. Mawazo yangu ni vitasa vya kadi milango yote, kamera nne ambazo naziona kwa simu nikiwa Dar, na waifai ya wageni. Kuna jamaa kaniambia ipo pia programu ya kusajili wageni, chumba kikiuzwa naona hapo hapo. Wenye uzoefu, nianze na kipi? Na kipi kinavumilia umeme wetu huu wa kukatika? Nina haraka kidogo, mwisho wa mwezi niwe nimeshaamua. Natanguliza shukrani.

Bi Mkubwa Kahama
Anza na waifai mwanangu, ila usifanye nilivyofanya mimi. Nina vyumba 9 Kahama. Nilifunga waifai, nywila nikaibandika kaunta. Wiki ya pili vijana wa bodaboda wote wamehamia ukutani kwangu, wamepanga matofali wamekaa, wanaangalia mpira hadi usiku wa manane. Mgeni wa chumba namba 3 analalamika hata WhatsApp haiendi. Fundi akaniletea kirauta kidogo cha MikroTik kinachotoa vocha. Mgeni akilipa chumba anapewa kikaratasi cha namba, saa 24 zikiisha inakata. Tangu hapo nalala usingizi. Tena vocha zilizotoka nazilinganisha na vyumba vilivyouzwa.

Mla Ugali
Kadi Makambako? Sisi funguo yenye kibao cha mbao kikubwa kama mwiko tunaondoka nayo mfukoni hadi Tunduma, hiyo kadi nyembamba ndiyo tutaikumbuka?

Fundi wa Nguzo
Mkuu, vitasa vya kadi havitegemei umeme wa nyumba. Vingi vinatumia betri nne za AA, kwa hiyo umeme ukikatika mlango unafunguka kama kawaida. Tatizo ni betri zikiisha na hakuna wa kubadilisha. Usikubali kitasa kisicho na tundu la ufunguo wa dharura. Kamera na rauta viweke kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba, vinginevyo umeme ukikatika na macho yako yamekatika.

Nina maswali mawili. Umeme wako ni fezi moja au tatu? Na kwa nini vitasa? Kuna mgeni ameibiwa?

Mbao Kavu
Asante mkuu. Hakuna mgeni aliyeibiwa, ni kuboresha tu biashara iende na wakati. Umeme ni fezi moja. Vitasa nimeshaongea na mtu, bei yake nzuri.

Karani Mstaafu
Kamera weka korido, kaunta na getini, kamwe si chumbani wala dirishani kwa mgeni. Na ubandike tangazo kwamba pana kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mgeni ni taarifa binafsi kama ilivyo namba ya kitambulisho unayoiandika kwenye kitabu cha wageni.

Sasa nikuulize kama mdogo wangu. "Nimeshaongea na mtu" ndiyo kusema umeshalipa? Wanaofunga kadi nimewaona wa aina mbili, wenye hoteli za watalii na matajiri wasiomwamini waliyemwachia kaunta. Watalii huna. Kaunta yupo nani?

Mbao Kavu
Nimelipa advansi 1,500,000 kwenye 3,080,000, vitasa 14. Sikutaka kuleta mambo ya familia hapa, lakini kaunta yupo mama mdogo.

Nitasema ukweli. Hadi Machi gesti ilikuwa inaingiza milioni 4 na zaidi kwa mwezi. Aprili ikawa 2.9, Mei 2.6, Juni hata 2.5 haikufika. Wakati huo huo matumizi yanapanda. Mkaa ulikuwa magunia mawili kwa mwezi, sasa anaandika sita. Magunia sita kwa chai na maandazi? Huyu mama amenilea tangu darasa la pili, mama yangu alipofariki. Siwezi kumkalisha chini nimuulize hela iko wapi. Ndiyo maana nataka mashine iseme badala yangu. Kadi haigombani na mtu.

Sauti ya Upole
Mama mdogo ni mama. Akila kidogo mwache ale, hata wewe ulikula kwake bila risiti. Omba Mungu akuongezee kwingine.

Tajiri Mpya
Sikubaliani na hapo juu. Biashara ni biashara. Mimi shemeji yangu alinimalizia duka la vipuri Mbeya kimya kimya. Rafu zimejaa maboksi, nafungua boksi la belti nakuta gazeti. Mke wangu hadi leo anasema nilimuonea ndugu yake, na tukikutana msibani nakaa upande wa pili. Weka mtu baki, mpe mkataba.

Bi Mkubwa Kahama
Wote mnamjibu, ila hakuna anayemwambia kwamba kadi haizuii wizi wa aina hiyo. Anayetoa kadi ni nani? Si huyo huyo wa kaunta? Akitaka kuuza chumba pembeni anatoa kadi anasema ni ya usafi. Sisi wenye gesti tunahesabu mashuka. Shuka lililofuliwa lina mgeni wake, na kipande cha sabuni kina mgeni wake. Kingine, bandika lipa namba kaunta, pesa iingie kwako moja kwa moja na ujumbe uone wewe. Hiyo haifiki bei ya kitasa kimoja.

Utingo wa Zamani
Naomba niseme kama mteja. Napiga Dar Tunduma na Makambako ni kituo changu cha kulala. Mwezi wa sita na wa saba kule maji ya bomba yanauma kama nyuki. Dereva hachagui gesti kwa tv wala kwa waifai. Anasimama dirishani anauliza neno moja: maji moto yapo?

Enzi za utingo tulikuwa tunalala kwa mama mmoja karibu na stesheni ya TAZARA. Treni ikichelewa abiria wanashuka saa nane usiku, wamejikunyata na mizigo. Gesti yake haikuwa na umeme, koroboi tu, lakini nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la maji linatokota usiku kucha. Jirani yake mwenye jenereta alikuwa anapiga miayo. Yule mama alikuwa anajaza kila siku.

Fundi wa Nguzo
Utingo umenirudisha kwenye swali langu. Mbao Kavu, hita za kuogea zipo? Na LUKU ananunua nani?

Mbao Kavu
Zipo kila bafu, zile za papo hapo. LUKU nanunua mimi kwa simu kutoka huku. Kwenye umeme sidanganywi.

Fundi wa Nguzo
Basi kamera unayo tayari na hukuilipia. Fungua meseji za manunuzi, jumlisha uniti za kila mwezi, tuletee hapa.

Mbao Kavu
Januari 412, Februari 388, Machi 405, Aprili 246, Mei 208, Juni 201.

Jicho Kavu
Wakuu mnaingizwa mjini. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Post ya kwanza vyumba 12, akibanwa vitasa 14. Uniti amezitoa dakika tano, zimepangika kama hesabu za kitabuni. Subirini, kesho atatokea mwenzake na namba ya simu, "vitasa hivi hapa, tunafunga mikoa yote". Nimeona nyuzi za namna hii nyingi mno. Watu wazima mnatoa machozi kwa tangazo la biashara.

Mla Ugali
Hadithi hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo…

Tajiri Mpya
Hata mimi hiyo 12 na 14 ilinishtua, nikanyamaza. Mleta mada, jibu.

Mbao Kavu
Siuzi chochote. Nimefungua akaunti wiki hii kwa sababu sina mtu wa kumuuliza, kila ninayemjua anamjua mama mdogo. Milango ni 14: vyumba 12 vya wageni, stoo, na chumba anacholala yeye. Nilitaka na chake kiwe na kadi ili nijue anaingia na kutoka saa ngapi.

Karani Mstaafu
Hata chake?

Fundi wa Nguzo
Jicho Kavu, awe muuzaji au asiwe, hesabu haina akaunti. Hita ya wati 5,500, mgeni akioga dakika kumi, inakula karibu uniti 0.9. Kwa bei ya shilingi 356 hiyo ni kama shilingi 330 kwa kuoga mara moja. Gesti yake ilikuwa inaingiza milioni 4 na zaidi, chumba 20,000, kwa hiyo wageni 200 na ushee kwa mwezi. Zidisha, unapata uniti 180 hadi 200. Sasa angalia zilizopotea kati ya Machi na Mei: 405 kutoa 208 ni 197.

Mama angekuwa anauza vyumba pembeni, uniti zisingeshuka. Mgeni wa pembeni naye anaoga. Hita zako hazifanyi kazi ndugu yangu.

Bi Mkubwa Kahama
Na mkaa! Jamani ule mkaa! Magunia sita si ya chai. Huyo mama anachemsha maji nyuma ya nyumba anawabebea wageni ndoo mlangoni.

Utingo wa Zamani
Vyumba 12 kwa ndoo, na baridi ile. Ana umri gani?

Fundi wa Nguzo
Mbao Kavu, hakuwahi kukuambia?

Mbao Kavu
Ana miaka 61.

Aliniambia. Tarehe 27 Machi alinitumia picha WhatsApp. Swichi ya hita ya chumba namba 5 imeungua, plastiki imeyeyuka ikatiririka ukutani kama nta ya mshumaa, na rangi ya ukuta imekuwa nyeusi hadi darini. Akasema fundi amezima hita zote kwa usalama, anataka 640,000 kubadilisha waya. Nilimjibu "tutaangalia". Akakumbusha mara mbili, kisha akaacha.

Lakini mnielewe na mimi. Mwezi mmoja kabla aliniletea bei ya pampu, nikauliza Kariakoo nikakuta ni nusu. Mtu uko mbali, kila wiki kitu kimeharibika, kila fundi ana bei yake. Nikajua hata hii imepandishwa. Na vitasa bado nadhani vina faida yake, gesti mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya barabara inavyo.

Utingo wa Zamani
Ile mpya naijua, nimelala hapo wiki iliyopita. Kadi ilinisumbua, nikamwita dada wa kaunta mara tatu. Nitarudi kwa sababu maji ni moto.

Jicho Kavu
Picha ya swichi iliyoungua ipo kila nyumba nchi hii. Iweke.

Mbao Kavu
Nimeambatanisha, na tarehe yake inaonekana.

Jicho Kavu
Nimeiona. Bado sina uhakika nawe, lakini swichi ile ingeweza kuua mtu.

Fundi wa Nguzo
Nimeikuza. Huo ni waya wa milimita 2.5, na ndiyo ugonjwa wenyewe. Hita ya 5,500 inavuta ampea 24 hivi, waya huo unachemka kila mtu akioga. Halafu saa kumi na moja alfajiri madereva watatu wakifungua pamoja ni ampea 72, wakati laini ya fezi moja kwa kawaida ni ampea 60 au chini ya hapo. Kubadilisha swichi peke yake ni kuahirisha moto.

Fanya hivi: hita za wati 3,500 badala ya 5,500, kila moja na waya wake wa milimita 4 na breka yake, breka ya kukata umeme ukivuja, na ethi ya kweli iliyochimbiwa chini, siyo kipande cha waya kilichofungwa kwenye bomba. Usizifunge zote 12, weka sita kwanza, wanaotaka maji moto wapewe hivyo vyumba. Ukipata nguvu omba fezi tatu, au weka hita ya jua ya mirija juu ya paa, ile haiogopi baridi, inataka jua tu. Na fundi aliyezima hita zote ana akili, mtafute huyo huyo. 640,000 kwa kazi hiyo wala hakukuonea.

Bi Mkubwa Kahama
Na leo hii weka gesti yako kwenye Google Maps na picha na namba ya simu, ni bure. Hita zikiwaka andika "maji moto" hapo juu kabisa.

Mbao Kavu
Nimempigia jana jioni. Alipokea akasema, "Ngoja baba, nimpelekee mgeni maji yasije yakapoa," akaiweka simu bila kukata. Nikasikia ndoo inagonga sakafu, anapumzika, anainyanyua tena. Akabisha hodi, akasema maji haya hapa mwanangu, changanya na ya baridi, ni moto sana. Alivyorudi kwenye simu alikuwa anahema. Nilikuwa nimejiandaa maneno, nikamuuliza tu hita. Akasema, "Nilidhani huna hela, sikutaka kukusumbua."

Habari ya kadi sikuigusa. Mwenye vitasa anasema advansi hairudi, ila kwa hela hiyo anaweza kunipa sita. Hapo bado sijaamua, msinigombeze.

Alhamisi napanda basi. Fundi wa Nguzo, kwa bafu sita ninunue waya mita ngapi Kariakoo kabla sijaondoka?

Fundi wa Nguzo
Usinunue hata mita moja kwanza. Mwambie mama mdogo apige picha meini swichi ikiwa wazi, mchana, asiguse kitu, na nyingine ya mita ya LUKU. Halafu ahesabu hatua kutoka kwenye mita hadi bafu la mwisho. Nitumie leo, nitakujibu kabla ya Alhamisi.