Sir Michael Blundell: kwa nini walowezi wenzake walimwita Yuda?

Msomaji wa Nakuru
Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Ninafuatilia historia ya Bonde la Ufa na nimekwama kwa Michael Blundell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1925 akiwa kijana wa miaka 18, akalima Subukia, kisha mwaka 1948 akaingia Baraza la Kutunga Sheria kuwasemea walowezi. Aliporudi kutoka mkutano wa Lancaster House, London, uliojadili katiba ya Kenya mwaka 1960, mlowezi mmoja alimmwagia miguuni vipande thelathini vya fedha kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, akimfananisha na Yuda. Je, aliwasaliti kweli?

Kobe Mzee
Ndugu yangu, hasira ile ilikuwa ya ardhi. Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikuwa ametangaza kwamba Waafrika watakuwa wengi barazani, na Blundell, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameunda kundi la wanasiasa wa rangi mbalimbali lililoitwa New Kenya Group, akakubali. Kwa mlowezi aliyeamini kwamba Nyanda za Juu, yaani ardhi yenye rutuba iliyotengewa Wazungu, ni zake na za wajukuu wake, huko kulikuwa kumuuzia shamba bila idhini yake. Mlowezi mwenzake Cavendish-Bentinck aliacha uspika wa Baraza, akaunda Kenya Coalition, chama cha walowezi waliopinga mabadiliko hayo, na mwaka 1961 akashindana na Blundell kuwania kiti kimoja. Utaratibu wa uchaguzi ule ulikuwa wa ajabu: katika viti 10 vilivyotengewa Wazungu, mgombea alipaswa kwanza kupata angalau asilimia 25 ya kura za Wazungu wenzake, ndipo asimame mbele ya wapiga kura wa rangi zote. Kwa Wazungu Blundell aliponea chupuchupu. Mbele ya wote, Waafrika walimbeba, na mpinzani wake akaachwa mbali.

Binti Subukia
Nakubaliana na mzee kuhusu kura, ila tusimvike Blundell kilemba cha ukoka. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa kupambana na uasi wa Mau Mau, aliketi katika Baraza la Vita pamoja na Gavana Baring na Jenerali Erskine, wakati maelfu ya Wakikuyu walikuwa kambini au wakihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Kilimo, na mpango wa Swynnerton, mpango wa serikali ya kikoloni uliowafungulia Waafrika wengi zaidi kilimo cha kahawa na hati za mashamba, ulikuwa na shabaha ya kuzalisha wakulima wenye mali ambao hawangevutwa na uasi. Ninavyomwelewa mimi, lengo lake halikubadilika: mlowezi abaki Kenya. Alichotambua mapema kuliko wenzake ni kwamba hawezi kubaki akiwa bwana.

Msomaji wa Nakuru
Nashukuru. Basi aliishia wapi?

Kobe Mzee
KANU, chama kilichoshinda uchaguzi ule, kilipokataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa kutoka kizuizini, chama pinzani cha KADU kiliiunda kwa kushirikiana na kundi la Blundell, naye akarudi Wizara ya Kilimo kwa muda mfupi. Baadaye aliacha siasa, akawa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya bia, na uzeeni akaandika kitabu cha kutambua maua ya porini. Binti Subukia amenena vyema kuhusu kubaki: walowezi wengi waliuza mashamba wakahama, ilhali huyu waliyemwita Yuda aliendelea kuishi Kenya hadi alipofariki mwaka 1993.