Kisu cha stenlesi kimeshika kutu wiki ya tatu tu, nimepigwa au nakosea mimi?

Mpasua Migebuka

Wakuu habari za asubuhi. Naombeni msaada kwenye jambo ambalo wengine mtaliona dogo ila mimi linanikera kweli. Niko Kigoma, alfajiri nanunua migebuka kwa wenye boti pale Katonga, napasua, natia chumvi, naanika, wakikauka nasafirisha. Kisu kwangu ndo kila kitu, mchana kiko mkononi, jioni hichohicho nakatia kitunguu nyumbani, na siku nikienda shamba Mwandiga kiko kiunoni. Miaka yote nimetumia vile visu vya kufua vya springi ya gari, vikali hatari ila ukiamka asubuhi vimeshakuwa vyekundu kama udongo wa huku. Nikasema basi ngoja nijikakamue, nikanunua cha stenlesi 25,000, mpini wa plastiki nyeusi, na ala ya ngozi juu. Muuzaji kaniapia hiki hata ukizamishe ziwani mwaka mzima kinatoka kinang'aa.

Leo wiki ya tatu. Jana nakichomoa nakuta vidoti vya kahawia vimejipanga mstari kufuata makali, pande zote mbili, afu huku karibu na mpini kuna vishimo viwili vitatu ukipitisha ukucha unakwama. Kwenye mgongo kisafi kabisa, unajiona sura. Nikachukua sumaku ya spika mbovu nikasogeza, ikanasa paa! Jirani akasema hapo ushapigwa, stenlesi ya kweli hainasi sumaku. Na kinachonichanganya zaidi ziwa letu ni maji baridi, sio bahari, sasa hiyo kutu inatoka wapi? Nikirudishe au kuna namna? Na kama ni kununua kingine nitazame nini?

Mzee wa Gungu

Umepigwa mchana kweupe mkuu 😂 Kijiko cha bibi yangu kipo tangu sijazaliwa, hakijui kutu na sumaku hakiitaki kabisa. Wahi kabla muuzaji hajahamisha kibanda.

Fundi Karakana (Tabora)

Naona mshamhukumu mtu wa watu kabla hajajitetea. Sumaku tuiweke pembeni kwanza. Kijiko cha bibi ni chuma cha aina nyingine, kile wanagonga 18/10 nyuma, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, hicho kweli hakinasi sumaku lakini hata ukikichoma kikawa chekundu ukakizamisha ghafla hakiongezeki ugumu wowote, ndo maana hakuna anayechinja kuku na kijiko. Chuma cha kisu lazima kishike ugumu, na stenlesi inayoshika ugumu inanasa sumaku hata ikiwa halali kabisa, kasogezeni sumaku kwenye bapa la kisu cha Victorinox cha Uswisi muone. Kwa hiyo sumaku haikwambii kama kisu ni feki.

Pili, hilo neno stenlesi watu tunalielewa vibaya. Halina maana kwamba hakishiki kutu, maana yake kinakuwa kigumu kushika. Chuma kinaitwa stenlesi kikiwa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, vya visu mara nyingi 13 kwenda juu. Hiyo kromiamu ikikutana na hewa inajitengenezea ngozi nyembamba mno, huioni kwa jicho, na ukiikwaruza inajiziba yenyewe ilimradi hewa inafika. Maadui zake wakubwa wawili, chumvi na kukosa hewa. Chumvi inaitoboa, na kama sehemu ile imebanwa kwenye unyevu ngozi haijizibi tena, kutu inachimba kwenda chini badala ya kutambaa juu. Ndo vishimo vyako vile vya karibu na mpini.

Afu unauliza chumvi imetoka wapi wakati ziwa ni maji baridi? Mkuu si umesema mwenyewe unatia chumvi samaki! Chumvi ya Uvinza haina habari na ziwa lako. Unapasua, unapaka chumvi, unafuta kisu kwenye suruali, unakichomeka kwenye ala, kesho tena hivyohivyo, ile ala inanyonya maji chumvi siku zote 21. We ilambe tu ndani hiyo ala, sikutanii.

Vile vidoti vya mstari ni kesi nyingine kabisa. Swali langu moja tu, nani alikunolea?

Mpasua Migebuka

Daah. Nimelamba. Mke wangu kanikuta nimeingiza ulimi kwenye ala ya kisu akauliza kulikoni, nikakosa jibu. Ni chumvi tupu aisee, hadi mdomo umekunja.

Kunoa alininolea jamaa wa baiskeli, yule anakanyaga pedeli jiwe linazunguka. Kabla yangu alikuwa na mapanga ya watu kama manne hivi. Kwani ana kosa gani?

Fundi Karakana (Tabora)

Yeye wala hana kosa, ndo kazi yake, ila jiwe lake limelishwa mapanga. Panga sio stenlesi, vile vipunje vya chuma vinabaki kwenye jiwe, ukija na stenlesi yako jiwe linakupachikia vipunje vile kwenye uso wa kisu. Usiku vinaloa, vinashika kutu vyenyewe, asubuhi unadhani ni kisu. Ndo maana mstari umefuata makali pande zote mbili na mgongo msafi. Dawa yake chukua beki soda, loweka kidogo iwe uji mzito, sugua na kitambaa au brashi ya plastiki kufuata urefu wa kisu, vitatoka. Ukikosa soda hata dawa ya meno inafanya kazi. Suuza, kausha mpaka kwenye kiungo cha mpini. Vishimo havitatoka hivyo, ndo vishakuwepo, ila toa kutu iliyo ndani na mti wa kiberiti uliochongwa visiendelee kula.

Na kitu kingine, kiangalie makali kwenye jua. Ukiona sehemu imegeuka rangi ya dhahabu ama bluu ujue jiwe kavu limekiunguza, pale ugumu umeshapotea, kitakuwa kinapoteza makali kila siku mpaka unoe upite ile sehemu. Nunua kinoo chako mwenyewe, kile cha kulowesha maji, dakika kumi kwa wiki zinatosha.

Nta na Asali

Mi niko Sikonge huku kwenye nyuki, naomba niwe mpinzani kidogo. Hayo mastenlesi mnayosifia yanachosha kunoa, na porini ukikaa siku nne huna kinoo cha maana una jiwe la mtoni tu. Kisu changu ni cha springi, kafua mhunzi wa kijijini, mwaka wa saba huu, nachongea mizinga, nakatia kamba za miti, nachunia mbuzi, hakina kutu nyekundu hata chembe. Siri ni mbili. Msimu wa maembe nakatia maembe tu na wala sikisugui, kinageuka kijivu halafu cheusi, watu wanaona uchafu, kumbe ule weusi ndo koti lake. Kutu mbaya ni ile nyekundu inayomumunyuka, weusi unaoshika acha ukae. Ya pili ni nta. Saa saba mchana nakiweka kisu juani mpaka kikishikwa kinauma mkono, nachukua donge la nta nakipaka chote, nafuta na kitambaa kikavu ibaki ile ya kuteleza tu. Maji yakigusa yanakimbia yenyewe kama kwenye jani la mgomba. Masika nafanya kila wiki, kiangazi hata mwezi unapita.

Fundi Karakana (Tabora)

Hapo kwenye nta nakuvulia kofia, na mkuu wa migebuka aichukue hiyo, nta haina shida kwenye chakula. Ila sema ukweli wote, masega ya asali unakatia hichohicho cha springi?

Nta na Asali

😅 Hapana bwana. Asali ina tindikali, cha springi kinaiachia weusi na ladha ya chuma, na wanunuzi wanakagua rangi. Masega nakatia cha stenlesi. Umenishika.

Bi Mkubwa wa Kibirizi

Mwanangu wa migebuka, nimesoma yote mliyoandika hayo ya kromiamu mimi siyajui, ila nimepasua samaki tangu watoto wangu wadogo na sasa nina wajukuu. Kosa lako ni moja, unamtuma mtumishi mmoja kazi tatu. Kisu cha samaki kikae na samaki, cha nyumbani kikae nyumbani, kwanza hicho kitunguu chenu si kinanuka shombo? Pili mimi nina ndoo ndogo ya maji masafi pembeni, sio yale ya kuoshea samaki maana yale tayari yana chumvi, kila nikimaliza fungu natumbukiza kisu natikisa, jioni sabuni, nafuta na kipande cha khanga kikavu, nakitundika kwenye msumari ukutani kiwe uchi. Ala ni ya safari tu, hakilali humo.

Halafu kuna kitu vijana hamkiangalii. Mbalamwezi ikiwa kali boti za dagaa haziendi, kazi inasimama wiki nzima, visu mnavitupa kwenye ndoo na nyavu mbichi na ndimu zilizobaki mnaondoka. Kutu inaingia siku hizo za kulala, sio siku za kazi. Kisu kinachofanya kazi kila siku kinafutwa kila siku.

Na msikiloweke kwenye jiki eti kuondoa harufu, niliharibu kizuri changu hivyo, usiku mmoja tu asubuhi kina madoa kama ndui.

Fundi Karakana (Tabora)

Bi mkubwa shikamoo, umemaliza. Jiki ni kweli kabisa, ina klorini, inakula stenlesi kama chumvi tu na pengine zaidi. Naongeza na ile stilwaya laini, ile inayoshika kutu yenyewe pale kwenye sinki, msiisugulie kisu cha stenlesi, inaacha vipande vyake, tunarudi kwenye kesi ya jiwe la baiskeli.

Mpasua Migebuka

Shikamoo tumpe bi mkubwa jamani. Maswali mawili niondoke. Huku mawese ndo mengi kuliko maji, nikipaka mawese badala ya kutafuta nta si sawasawa? Na nikinunua kingine nisome nini pale kwenye bapa, maana hiki kimeandikwa STAINLESS STEEL basi, hakuna kingine.

Fundi Karakana (Tabora)

Mawese yatakulinda kwa muda tu, baada ya hapo yananata, yanakamata vumbi na magamba ya samaki na yanachacha. Mafuta mengi ya kula ndo tabia yake. Kama huna nta tumia ya nazi, tone moja, futa mpaka uone kama umefuta yote.

Kusoma bapa, hilo neno peke yake halikwambii kitu maana chuma laini na kigumu vyote vinaitwa hivyo. Visu vingi vya bei yetu vinatoka China na vyenye kujiheshimu vinagongwa alama kama 3Cr13, 5Cr15MoV, 8Cr13MoV. Usiogope, ni rahisi. Namba ya mbele ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, kwa hiyo 3 ni karibu 0.3, na namba baada ya Cr ni kromiamu kwa asilimia, 13 au 15, Mo na V ni molibdeni na vanadi zilizotiwa kidogo tu. Kaboni ndo inaleta ugumu wa makali, kromiamu ndo inazuia kutu, ila hawa wawili hawaishi vizuri nyumba moja, kaboni ikizidi inaikamata kromiamu inajifunga nayo, ile iliyobaki huru ya kulinda inapungua. Ndo maana 8Cr13MoV inakaa na makali kuliko 3Cr13 lakini inashika kutu haraka zaidi, ingawa kromiamu ni ileile 13. Hata 440C yenye kromiamu 16 mpaka 18 ina kaboni karibu asilimia 1 nzima, kwenye chumvi itakuaibisha ukiizembea. Kwa kazi yako ya maji na chumvi mi ningechukua 5Cr15MoV au ile Wajerumani wanaandika X50CrMoV15, ni mtu na ndugu yake, kaboni 0.5, kromiamu 15, kinanoleka na jiwe la kawaida. Kuna vyuma kama LC200N walivyoweka naitrojeni ifanye sehemu kubwa ya kazi ya kaboni, hivyo hata bahari havijali sana, ila bei yake unanunua mbuzi kadhaa, na kwa migebuka sioni sababu.

Na usitafute kile kinachokunjwa cha mfukoni, ule mkunjo unajaa magamba na chumvi kuosha ni mateso. Chukua kilichonyooka, mpini wa plastiki uliobana usio na mwanya. Mpini wa mbao wenye misumari ni mzuri kwa macho, lakini chini ya mbao maji yanalala.

Mzee wa Gungu

Kwa hiyo muuzaji hana kesi? Mi nilishaanza kumtafutia watu 😂

Mpasua Migebuka

Mrejesho wakuu. Soda imetoa vidoti vyote, mstari wote umeondoka, kweli havikuwa vya kisu. Vishimo vitatu vimebaki, nimetoa uchafu wake na mti wa kiberiti, unga mwekundu ulitoka mwingi kuliko nilivyodhani. Kwenye jua nimeona kijisehemu cha ncha kama sentimita moja kimegeuka bluu, kwa hiyo mnoaji naye alichangia. Ala nimeiloweka maji masafi mara tatu, imekauka kivulini, sasa ni ya kwenda nayo shamba tu. Nta nimepata donge sokoni kwa muuza asali.

Leo nimepita kwa yule muuzaji, sio kumgombeza, nimetaka kidogo cha nyumbani. Nikachambua kimoja kimoja mpaka nikapata kimegongwa 5Cr15MoV. Wakati anakifunga kwenye gazeti akaniapia tena, hiki hata ukizamishe ziwani mwaka mzima kinatoka kinang'aa. Nikamlipa nikaondoka kimya.