Majirani wa Mkungu, Makorora

*Mama Zuhura:* Asalaam aleikum majirani. Mmepita kwenye mti wa mkungu leo? Jirani wetu wa kona kang'oa ile michongoma yake, kachimba msingi. Na msingi hauko pale ilipokuwa michongoma, umeingia kwenye uwanja wa mtaa. Nimepiga hatua, tano kasoro.

*Kibwana:* Waaleikum salaam. Alianza na maua, tukamsifu kapendezesha mtaa 😂 Ikaja michongoma. Sasa tofali.

*Bi Mwanaisha:* Jana mpira wa wajukuu umetumbukia kwenye msingi, wamefukuzwa kama kuku.

*Juma Dukani:* Samahani, kwenu maji yanatoka?

*Kibwana:* Mtaa mzima bomba kavu. Juma subiri kidogo bwana.

*Twaha:* Usiku tuufukie. Vijana tupo.

*Mzee Shekue:* Twaha mjukuu wangu, ukifukia utalala polisi wewe, yeye ndiye atakuwa mlalamikaji. Twende kwa karatasi. Kwenye mchoro wa mipango miji pale ni eneo la wazi. Kubadili matumizi yake kuna utaratibu, Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na maombi hupitia halmashauri. Mtaa haugawi kiwanja.

*Mjumbe:* Shikamoo Mzee. Mimi sijampa mtu kitu, nisije nikasingiziwa.

*Mzee Shekue:* Marahaba. Hakuna aliyesema umempa.

*Mama Zuhura:* Mwenyewe anatamba kwamba kapafagia miaka yote hiyo, ikitimia 12 ni pake.

*Mzee Shekue:* Hiyo 12 ya Sheria ya Ukomo, yaani mwisho wa muda wa kudai, ni ya mtu na mtu wanaodaiana ardhi. Angekuwa anapewa mfagiaji, soko zima lingekuwa la wafagiaji.

*Bi Mwanaisha:* Na bikoni, lile jiwe la mpaka la wapimaji, je? Marehemu mume wangu alikuwa akiegesha kikombe chake cha kahawa juu yake.

*Fundi Saidi:* Jamani, msingi nimechimba mimi. Nilikuta kamba imeshafungwa, sikuuliza. Bikoni ipo, imefukiwa na lile rundo la kokoto upande wa mkungu. Sururu yangu iliigonga.

*Kibwana:* SAIDI!!

*Fundi Saidi:* Ndiyo nasema sasa. Zege bado, tulipanga Jumatatu.

*Mzee Shekue:* Basi usimwage. Ondoa kokoto, piga picha bikoni na kamba zionekane pamoja. Usiitikise, kuhamisha bikoni ni kosa la jinai. Mama Zuhura aandike barua, tutie sahihi, Jumatatu asubuhi ifike kwa mtendaji wa mtaa na ofisi ya ardhi. Tunaomba mpima na zuio la ujenzi. Leo baada ya Isha nitakwenda kwake mwenyewe, asije akasema hatukumwambia.

*Bi Mwanaisha:* Nitakupa kahawa umpelekee. Akiikataa tutajua.

*Fundi Saidi:* 📷 Hiyo hapo. Nimeisugua kwa maji, namba inasomeka.

*Juma Dukani:* Maji umeyatoa wapi?