Baiskeli ya stima: itapanda Riat kweli?

Mwalimu_Riat
Habari za jioni wakuu. Naishi Riat, nafundisha huku chini mjini Kisumu. Nina Black Mamba ya mzee wangu, fremu bado ngumu. Nimepata mota ya gurudumu la nyuma, volti 48, wati 1000, na jamaa wa boda ananiuzia betri nne za pikipiki kwa bei ya kutupa. 12 mara nne si ndiyo 48? Asubuhi nateremka tu, shida ni jioni kutoka Mamboleo kurudi juu. Mliotengeneza zenu, mmejifunza nini?

Fundi_Kibuye
Mwalimu, hesabu iko sawa, betri ndizo sizo. Betri ya pikipiki imeundwa kupiga stata: inatoa nguvu sekunde chache, halafu injini inairudishia. Sahani zake ni nyembamba. Ukiikausha kila jioni mlimani, sioni ikimaliza muhula.

Sasa mlima. Wewe, baiskeli na vitabu tuseme kilo 110. Barabara ikipanda mita 7 kwa kila 100, kwenda kilomita 15 kwa saa kunataka kama wati 350 kwenye tairi. Na miguu yako si imo pia? Hizo 1000 za kwenye boksi zisikutie wazimu. Kinachoua mota si mlima, ni kujikokota mlimani. Ikishuka hadi mwendo wa mtu anayetembea na wewe umekaza ekseleta, kontrola, kile kisanduku kinachogawia mota umeme, inamwaga ampea na sehemu kubwa inageuka joto ndani ya waya. Nimefungua mota zilizoletwa hapa, waya za shaba zimekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mwenyewe anasema "ilizima tu ghafla." Ghafla wapi!

Kwa njia yako tafuta mota ya gurudumu yenye gia ndogo ndani, na uisuke kwenye rimu ya 26, si ile 28 ya Mamba. Gurudumu dogo, mota inazunguka kasi zaidi kwa mwendo uleule, inapoa.

Na hiyo Mamba, samahani kwa mzee, iache ipumzike. Breki zake za vyuma zinabana rimu kwa ndani, mvua ikinyesha ni kama huna. Unateremka Riat na kilo 110 ukitegemea nini? Njoo Kibuye Jumapili, uchague baiskeli ya milimani ya mtumba. Fremu ya chuma, usiguse ya alumini. Ekseli ya mota imechongwa bapa pande mbili, na nguvu yote ya mota inataka kuizungusha mahali pake. Alumini inapasuka, chuma kinapanuka polepole, angalau unaona. Hata kwenye chuma fungia mkono wa bamba nene, tundu lake likibana ekseli na mwisho wake umefungwa kwenye fremu. Nati peke yake haitoshi. Ekseli ikizunguka nusu duara tu inakata waya za mota zote, na gurudumu linatoka.

Menengai_254
Fundi, mbona usimwambie aweke mota ya kwenye pedeli? Mimi niko Nakuru, nyumbani ni kupanda tu, natumia gia za baiskeli yenyewe na haijawahi kupata moto.

Fundi_Kibuye
Kwa mlima ni bora kuliko yangu, sikatai. Lakini inakula cheni na sproketi, na mota yenyewe ni ghali. Mwalimu akiwa nazo, anunue.

Mama_Ahero
Mimi natumia betri za risasi, zile za gel, si za pikipiki. Nne za ampea-saa 12, kama kilo 16 zote. Huku Ahero ni tambarare, nabeba nyanya hadi sokoni bila shida. Ila nikifika nyumbani nachaji papo hapo. Za risasi zikilala tupu zinaharibika. Kwa Riat, mwanangu, hapana. Utakuwa unazipandisha hizo betri badala ya zikupandishe.

Mwalimu_Riat
Asanteni. Basi lithiamu. Kuna mtu anauza seli za laptop za zamani, naweza kuunga mwenyewe? Na nikiteremka asubuhi, mota si inaweza kurudisha chaji?

Fundi_Kibuye
Seli za laptop kila moja ina uzee wake. Iliyochoka inakwisha kwanza na inavutwa chini na wenzake. Nunua pakiti iliyotengenezwa: seli 13 mfululizo, yenye ubao wake wa BMS, ule unaolinda seli na kukata umeme chaji ikizidi. Ampea-saa 10 ni karibu nusu yuniti ya tokeni, yaani kama wati-saa 480. Kila mita 100 unazopanda wima, mzigo wako unakula wati-saa 30, tuseme 40 na hasara. Piga hesabu uone inatosha.

Chaja ndiyo naomba usome mara mbili. Pakiti ya 13 inajaa kwenye volti 54.6. Kuna lithiamu ya fosfeti, seli 16, inajaa kwenye 58.4. Zote sokoni zinaitwa "48" na plagi zinafanana. Ukiweka chaja ya 58.4 kwenye pakiti ya 13, kila seli inasukumwa karibu 4.5 badala ya 4.2. BMS ikishindwa kukata, huo ni moto. Andika kwenye chaja kwa rangi. Na usichajie mlangoni usiku, ambapo ndipo pa kutokea.

Kurudisha chaji: mota yenye gia ndani kwa kawaida inajiachia ukiteremka, hairudishi kitu. Isiyo na gia inaweza, lakini fikiria wewe unaanzia juu, betri imejaa. Chaji itaingia wapi? Weka breki nzuri.

Waya ya mota uiache ininginie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye ekseli, maji yadondoke hapo. Mvua ya jioni ya Kisumu unaijua.

Mwalimu_Riat
Jumapili hii nakuja. Nije na Mamba?

Fundi_Kibuye
Njoo na mota. Nataka kupima ekseli kabla hujalipia fremu.