Kitengo cha TEHAMA kinakabidhiwa kampuni ya nje: nisaini nini, nikatae nini?

Seva_ya_Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Mwajiri wetu hapa Dar ametangaza kwamba dawati la msaada, seva na mtandao vitaendeshwa na mkandarasi kuanzia robo ijayo. Wengi wetu tuna mikataba ya kudumu. HR wametupa karatasi mbili kwa mpigo: barua ya kuacha kazi iliyokwisha kuchapwa, inasubiri saini tu, na mkataba wa mwaka mmoja wa mkandarasi kwa mshahara uleule. Wanataka jibu Ijumaa. Nina miaka 6 kamili kazini, mshahara wa msingi 1,800,000, na mkopo wa mshahara bado unakatwa. Nikisaini napoteza nini? Nikikataa je? Na haya makabidhiano tunayodaiwa tuyafanye vipi yasije yakatugeuka?

Kifungu_38

Mkuu, hiyo barua ya kuacha kazi usiisaini. Kazi yako inaondoka kwa sababu mwajiri amebadili muundo wake, na hilo kisheria linaitwa kuachishwa kwa mahitaji ya uendeshaji. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka atoe notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha akae na chama cha wafanyakazi, au na ninyi wenyewe kama hamna chama, mjadili sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Mkikwama, jambo linakwenda kwenye usuluhishi wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukisaini kwamba umeacha kwa hiari, hatua zote hizo zinafutika na mlango wa kiinua mgongo umejifungia mwenyewe. Hata fao la kukosa ajira la NSSF limewekwa kwa aliyepoteza kazi bila kutaka, si kwa aliyejiuzulu.

Lakini usikimbilie kukataa kazi ya mkandarasi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kifungu cha 42 kinamnyima kiinua mgongo anayekataa bila sababu za msingi ajira mbadala, iwe kwa mwajiri huyohuyo au kwa mwingine. Kwa hiyo "sitaki" tupu ni hatari. Sababu zako ziandike, na unazo nzito:

Kwanza, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri yuleyule. Kwa mkandarasi unaanza sifuri. Pili, mkataba wa mwaka mmoja ukiisha muda wake, umeisha. Utabaki kuthibitisha kwamba ulikuwa na matarajio halali ya kuongezewa, na kuyathibitisha si kazi nyepesi. Tatu, hatuna sheria kama ile ya Uingereza inayomhamisha mfanyakazi pamoja na miaka yake ya utumishi. Miaka yako 6 itahama tu ikiandikwa.

Barua yako iwe fupi: "Nimepokea mapendekezo yenu. Sijaacha kazi. Niko tayari kujadili ajira kwa mkandarasi iwapo mambo haya yatawekwa kwa maandishi: ama nilipwe stahiki zangu zote za kuachishwa kabla ya kuhamia kwake, ama tusaini makubaliano ya pande tatu yanayotambua tarehe yangu ya kuajiriwa; na mkataba mpya usiwe na kipindi cha majaribio." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Wakikuachisha na unaona haikuwa halali, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA kwa fomu namba 1. Mazungumzo na HR hayasimamishi hizo siku. Kila mwaka watu wanachelewa kwa sababu waliahidiwa kwamba "tunalishughulikia".

Seva_ya_Usiku

Asante sana mkuu. Hicho kiinua mgongo kwa miaka yangu 6 kinafika kiasi gani?

Dada_Hesabu

Kaka, kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ugomvi mara nyingi uko kwenye thamani ya siku moja. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku 5: 1,800,000 ÷ 21.665 = 83,083 kwa siku. Mara siku 42, unapata karibu 3,489,500. Wakigawa kwa 30 watakuletea 2,520,000, yaani karibu milioni moja imeyeyuka. Waombe karatasi ya mchanganuo, usipokee jumla peke yake.

Juu yake weka notisi ya siku 28 au malipo yake, siku za likizo ambazo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya kazi, na usafiri wako na mizigo kama uliajiriwa kutoka mkoa mwingine. Dai pia cheti cha utumishi. Na leo hii chukua taarifa ya michango yako NSSF, uilinganishe na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa kwako lakini haukuwasilishwa ni rahisi kuudai ukiwa bado ndani.

Mzee_wa_Bakapu

Nijibu la makabidhiano, maana linapuuzwa mno. Msifiche nywila wala kuacha nyaraka nusu mkidhani mnajilinda. Mfumo ukianguka baada ya ninyi kuondoka, wa kwanza kutajwa ni aliyekuwa na akaunti ya msimamizi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichezewi.

Tatizo linalowakuta mafundi wengi waaminifu ni kazi za kujiendesha zilizofungwa kwenye akaunti ya mtu binafsi. Bakapu (nakala ya akiba ya data) ya saa 8 usiku, skripti ya kuhamisha mafaili kwenda benki, ripoti ya mwisho wa mwezi: ziliwekwa haraka siku moja kwa jina la fundi fulani, zikabaki hivyo. Akaunti yake ikifungwa, bakapu inagoma kimyakimya. Inagundulika wiki kadhaa baadaye, siku mtu anapotaka kurudisha faili, na hapo linatamkwa neno hujuma.

Fanyeni hivi, kwa mpangilio huu. Pitieni kila seva na kuorodhesha kazi zilizopangwa pamoja na huduma zote, mkiangalia safu ya "inaendeshwa na nani". Kila yenye jina la mtu ihamishieni kwenye akaunti ya huduma, yaani akaunti ya mfumo isiyo ya mtu yeyote, kisha iendesheni mara moja kwa mkono muone inamaliza bila kosa. Fungeni akaunti binafsi kwa majaribio siku 7 kabla ya kuondoka, wakati mwenye nayo bado yupo ofisini. Kinachovunjika kitavunjika mbele yenu. Halafu angalieni majina ya tovuti, vyeti vya usalama na leseni: vimesajiliwa kwa barua pepe ya nani, na namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu ya nani? Namba ya simu ya mfanyakazi ikibaki hapo, mtapigiwa saa 6 usiku miezi baada ya kuondoka.

Nywila zikabidhiwe kwenye hifadhi ya nywila ya kampuni, si kwa WhatsApp, na mpokeaji azibadilishe siku hiyohiyo. Mwisho iwepo hati ya makabidhiano yenye tarehe na saini tatu, yako, ya mkandarasi na ya mwajiri, ikisema akaunti zipi zimefungwa na saa ngapi. Nakala yake ihifadhi pamoja na mkataba wako wa ajira.

Kifungu_38

Naunga mkono la Mzee. Hati hiyo inafaa hata CMA, kwa sababu inaonyesha ulikuwa kazini ukitimiza wajibu hadi siku ya mwisho, si mtu aliyetoroka.

Fayawoli_Mwanza

Niongeze kuhusu kazi zinazobaki. Mkandarasi huchukua tiketi (maombi ya msaada yanayosajiliwa kwenye mfumo), seva na kubadilisha vifaa. Ndani anahitajika mtu wa kusoma mkataba na kupima kama muda wa kutatua tatizo uliokubaliwa unafikiwa, wa kuidhinisha mabadiliko, wa usalama wa mifumo, na wa kufuatilia wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana mkandarasi akizigusa taarifa za wateja mwajiri bado anawajibika. Kwenye kikao cha mashauriano ombeni orodha ya nafasi hizo na namna zitakavyojazwa. Ni taarifa inayohusika, mna haki nayo. Ukiomba nafasi mojawapo, ambatisha ushahidi: ripoti ya tiketi za miezi 12, iliyotolewa na mwajiri kwa ruhusa yake, bila majina ya wateja.

Dada_Hesabu

Na mkopo, kaka. Soma fomu uliyojaza: mara nyingi ulimruhusu mwajiri kupeleka stahiki zako zote za mwisho kulipa deni. Angalia pia kama bima ya mkopo inagusa kupunguzwa kazi au ni kifo na ulemavu tu. Kisha iandikie benki kabla stahiki hazijalipwa, omba marejesho yapangwe upya, na udai jibu la maandishi. Pesa ikishaingia kwenye akaunti yenye deni, mfumo unakata wenyewe, na hapo huna tena cha kujadili nao.