Tupeane uzoefu: gari ya zamani inakunywa maji na chini hakuna tone, yako yalikuwa yanaenda wapi?

Wakuu habari za jioni. Nina Toyota GX100, kila asubuhi nikifungua rejeta maji yameshuka, naongezea kama kikombe hivi. Pale ninapopaki pakavu, geji ya temperecha haipandi, oili safi, moshi wa kawaida. Fundi mmoja anasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imekwisha tufungue injini, mwingine ananiambia gari ya zamani lazima inywe maji ndo uzee wenyewe. Sasa kufungua injini kwa kubahatisha sitaki. Aliyepitia hii aseme maji yalikuwa yanapotelea wapi na aligunduaje.

Babu Noah
Mimi ilikuwa mfuniko wa rejeta, basi. Watu wanauona kama kizibo tu kumbe una springi inashikilia presha, juu umeandikwa 0.9 au 1.1, ikichoka maji ya moto yanakimbilia kwenye kidumu cha rizevu mapema. Halafu kuna kivalvu kidogo pale katikati, hicho kikigoma gari ikipoa maji hayarudi, kwa hiyo kidumu kinajaa mpaka kinamwaga njiani huku rejeta inabaki na upungufu. Ndo maana ukipaki huoni kitu. Kilichonishtua ni asubuhi hosi kubwa ya juu imebonyea kama imenyonywa. Nunua wenye namba ileile, usiweke wa presha kubwa eti ndo imara, utapasua rejeta ya watu.

Mama Pacha
Shikamoo Babu. Sie huku Njombe hita tunaitumia kweli maana baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Ikawa nikiwasha hita kioo cha mbele kinapata ukungu kwa ndani, tena wa mafutamafuta ukifuta kwa kitambaa unabaki, na kuna harufu tamutamu. Baba Pacha akasema ni maji ya AC. Nikainua zulia miguuni kwa abiria, sponji limelowa, nikachovya kidole nikakisugua na kingine, yanateleza. Maji ya AC hayatelezi jamani. Kirejeta cha hita kilikuwa kimetoboka, wakashusha dashibodi nzima kukitoa, na mpaka leo kuna sehemu inalia krikri nikipita kwenye matuta. Nyie wa Dar najua mnaunganisha hosi mbili mnairuka hita, haya, mtakuja Makambako usiku mtaniambia.

Mlima Kitonga
Yangu ni Toyota Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ, hedi ilikuwa na ufa. Mjini haina neno, mzigo ukiwa mzito kwenye mlima ndo inakunywa. Dalili niliyoipuuza kila mtu aijue: washa injini ikiwa ya baridi kabisa, baada ya muda mfupi tu shika hosi ya juu, ukiikuta imeshakaza na maji hata hayajapata moto ujue hiyo ni presha ya silinda inapenya kwenye njia ya maji. Kidumu nacho kilikuwa kinabubujika kama soda. Wakati huo oili safi kabisaa, kwa hiyo yeyote atakayekwambia oili ikiwa safi basi hedi ni nzima anakudanganya

Kamau wa Nakuru
Niaje wadau. Yangu ilikuwa inavuja usiku pekee, ikishapata moto inaacha. Klipu ya hosi ilikuwa imelegea, raba ikipoa inasinyaa maji inatoka kidogo. Nililaza kartoni chini ya engine jioni, asubuhi ikanionyesha doa. Gharama ilikuwa bei ya klipu.

Fundi Spana
Mwenye mada usikubali mtu afungue hedi kabla hajapima presha. Kuna pampu ya mkono ina geji, unaifunga mahali pa mfuniko gari ikiwa BARIDI (ya moto usifungue, itakuunguza uso), unajaza upepo mpaka ile namba ya mfuniko halafu unaacha hata nusu saa unakunywa chai. Sindano ikishuka kuna tundu. Pita na tochi: wota pampu ina kitobo chini, kule nyuma ya kava la taimingi hutaona maji, utaona ukoko mweupe au wa pinki umekaukia. Viungio vya plastiki vya rejeta pia. Ukikosa nje ndo unahamia ndani, unatoa plagi unachungulia silinda, na ile dawa ya bluu ya kupima gesi ya silinda, ikiwa ndani ya kichupa chake, unaiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, ikigeuka njano hapo sasa tuongee habari za gasketi. Na tuache kujaza maji ya bomba, kutu inakula hata alichokuja kutengeneza fundi wa jana.

Babu Noah
Fundi hapo kwenye themostati (kile kivalvu kinachozuia maji mpaka injini ipate joto) mbona umeruka? Mnazitoa wenyewe mnasema Dar joto.

Fundi Spana
Mimi sitoi mzee. Ikitolewa injini haifiki joto lake, inakula mafuta, na tatizo la maji linabaki palepale.

Mwenye mada
Mrejesho wakuu. Amekuja fundi na hiyo pampu, sindano ikawa inashuka polepole, nje hatuoni kitu. Akaingiza kioo kidogo na tochi kule nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini, hosi fupi inayokwenda hita imepasuka kauzi kembamba kwa chini, inatoa jasho tu, likidondokea kwenye chuma cha moto linakauka kabla halijafika chini. Ukoko upo. Sasa dukani wana hosi ya kukata kwa mita na kuna ile iliyopinda ya kwake bei juu, nichukue ipi?

Fundi Spana
Iliyopinda. Ya mita ukiikunja kwenye ile kona inajibana maji hayapiti. Badilisha na mwenzake hapo pembeni, umri wao mmoja.